Mizani ya Mashabiki

Msomaji, nakuomba uingie nami katika ukumbi mmoja wa Brooklyn, mjini New York, usiku wa tarehe 25 Juni mwaka 2015. Ukumbi umejaa watu hadi juu. Usiku huu timu za NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, zachagua vijana wapya watakaozichezea. Zamu ya nne ni ya New York Knicks, timu ya mji ule ule. Adam Silver, mkuu wa ligi, apanda jukwaani na kusoma jina: Kristaps Porziņģis, kijana wa Latvia aliyekuwa akicheza Hispania katika mji wa Sevilla. Mara ukumbi wavuma kwa mazomeo. Mtoto mmoja mwenye mavazi ya timu aonekana katika televisheni akilia kama aliyefiwa. Kijana mwenyewe, ambaye umri wake ni miaka kumi na tisa tu, apita katikati ya kelele zile na kofia mpya kichwani, ampa mkono mkuu wa ligi, na kujitahidi kutabasamu.

Alikuwa ametenda kosa gani? Hakuwa amekosa kikapu hata kimoja mbele ya watu wale. Hakuwa amepoteza mpira wala kumtukana mtu. Yamkini wengi wa waliomzomea hawakuwa wamemwona akicheza mchezo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kosa lake lilikuwa kwamba ametoka mbali, jina lake ni gumu kutamkwa, na mwili wake mrefu ulikuwa mwembamba kama mwanzi. Basi alihukumiwa kabla ya kushitakiwa.

Nataka kusema katika insha hii kwamba hukumu za namna ile ni dhuluma, na zaidi ya kuwa dhuluma, ni upofu. Nataka kusema pia kwamba sifa za mapema, zile za kumwita kijana mkombozi kabla hajagusa mpira, zina upofu ule ule, ijapokuwa zimevaa nguo nzuri zaidi. Mzomeaji na msifuji ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili wadhani kwamba kazi atakayoifanya mchezaji imo ndani yake tayari, kama kokwa ndani ya embe, na kwamba wao wana macho ya kuiona. La hasha! Kazi ya mchezaji hutengenezwa, na wanaoitengeneza ni wengi.

Kwa faida ya msomaji asiyeujua utaratibu wenyewe, hebu nieleze kwa ufupi. Timu za NBA ni 30. Kila mwaka hupeana zamu za kuchagua vijana, na timu zilizoshindwa sana hupata nafasi kubwa zaidi ya kuchagua mapema, ili wanyonge wainuke. Vijana wengi hutoka katika vyuo vikuu vya Marekani, nao hujulikana kwa watu kwa sababu michezo yao huonyeshwa nchini mwote. Wengine hutoka ng'ambo: Serbia, Ufaransa, Ujerumani, Ugiriki na kwingineko. Hawa hujulikana kwa wapelelezi wachache waliotumwa na timu kwenda kuwatazama. Lakini wiki chache kabla ya siku ya uteuzi, kila shabiki huwa mpelelezi. Katika magazeti, katika mikahawa na mitaani watu hubishana: Je, huyu mrefu atasimama karibu na kikapu au atatupa mpira kutoka mbali? Ataanza mchezo au atakaa benchini? Ni nguzo au ni fito?

Maswali hayo si mabaya. Mkulima hachagui mbegu akiwa amefumba macho, na timu haiwezi kutoa mali nyingi kwa kijana isiyempima. Sipigani na mizani, msomaji. Napigana na mtu atiaye kidole katika mizani, kisha akatangaza uzito.

Watetezi wa mashabiki wana hoja, na haki yataka tuzisikilize. Hoja yao ya kwanza ni hii: aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wasema kwamba watu wa New York waliumwa kweli. Mwaka 1999 timu yao ilimchagua Frédéric Weis, Mfaransa mrefu, katika nafasi ya 15, ikamwacha Ron Artest, kijana wa New York hasa, aliyechukuliwa na timu iliyofuata. Artest akawa mlinzi hodari wa kuogopwa. Weis hakucheza katika ligi ile hata mchezo mmoja. Waongeza mfano wa Darko Miličić wa Serbia, aliyechaguliwa na Detroit katika nafasi ya pili mwaka 2003. Nyuma yake walikuja Carmelo Anthony, Chris Bosh na Dwyane Wade, watatu waliopata sifa kubwa. Miličić hakupata sifa hiyo, na jina lake limekuwa mithali ya uteuzi mbaya. Fauka ya hayo, katika msimu uliomalizika mwaka 2015, Knicks walishinda michezo 17 tu na kushindwa 65. Mtu mwenye njaa ya namna hiyo, wasema watetezi, hawezi kuambiwa asubiri mnazi uzae.

Naikubali njaa yao, lakini siikubali hoja. Weis alikuwa Weis, na Porziņģis ni mtu mwingine, mwana wa nchi nyingine, aliyekuwa mtoto wa miaka mitatu Weis alipochaguliwa. Mvuvi mmoja wa Lamu akikuuzia samaki aliyeoza, je, utawazomea wavuvi wote wa Mombasa? Watu wa namna hii hawampimi kijana. Wampima jirani yake, au mtu aliyefanana naye kwa urefu na kwa ugeni.

Na tuutazame mfano wa Miličić kwa makini zaidi, maana unasema mengi kuliko wanavyotaka useme. Alikuwa na miaka kumi na minane. Hakuingia katika timu nyonge iliyomhitaji; aliingia katika timu yenye nguvu, ambayo mwaka uliofuata, 2004, ilitwaa ubingwa. Mwalimu wa timu ile alikuwa akitafuta ushindi wa siku ile, si wa miaka mitano mbele, na katika msimu wake wa kwanza kijana alicheza kwa wastani wa dakika zisizofika tano kwa kila mchezo alioingia. Sisemi kwamba yeye hakuwa na makosa. Nauliza tu: mti uliopandwa kivulini ukidumaa, je, lawama yote ni ya mbegu?

Sasa umweke karibu naye Dirk Nowitzki wa Ujerumani. Huyu alichaguliwa mwaka 1998 katika nafasi ya tisa, naye alikuwa akicheza katika daraja la pili la nchi yake. Mwaka wake wa kwanza kule Dallas ulikuwa wa taabu: alitia wastani wa alama 8 hivi kwa mchezo, na wenye haraka walikwisha kumwandikia kaburi. Lakini Dallas walikuwa na subira, na Nowitzki alikuwa na mwalimu wake wa tangu ujanani, Holger Geschwindner, aliyemfundisha namna ya kutupa mpira kwa hesabu na mazoezi yasiyokwisha. Mwaka wa pili alipita alama 17. Mwaka 2007 alitajwa kuwa mchezaji bora wa ligi, na mwaka 2011 aliipa Dallas ubingwa. Alipoacha mchezo mwaka 2019 alikuwa ameitumikia timu hiyo moja kwa misimu 21. Vijana wawili, wote warefu, wote wa Ulaya, wote wachanga. Tofauti yao haikuwa katika miili yao pekee; ilikuwa pia katika mikono iliyowapokea.

Hoja ya pili ya watetezi ni ya wazee: nyota njema huonekana asubuhi. Kijana aliye bora, wasema, hujulikana tangu mwanzo, na dalili ya mvua ni mawingu. Naiheshimu mithali hiyo, lakini wazee wale wale walituachia nyingine isemayo hujafa hujaumbika. Tuziache mithali zishindane mbele ya mambo yaliyotokea.

Mwaka 2014 Denver walimchagua Nikola Jokić, kijana mzito wa mji wa Sombor, Serbia, katika nafasi ya 41. Jina lake lilipotangazwa, televisheni ya Marekani ilikuwa ikionyesha tangazo la biashara ya chakula. Hakuzomewa wala hakusifiwa, hakuonekana kabisa. Denver walimwacha kwao mwaka mzima zaidi akomae. Alipokuja, hawakujua mara moja wamfanye nini, maana alikuwa mrefu kama walinzi wa kikapu lakini aliona uwanja na kugawa mpira kama wale wafupi waongozao mchezo. Mwanzoni walimchezesha pamoja na mrefu mwingine, wakabanana kama watu wawili katika mlango mmoja. Mwishoni mwa mwaka 2016 mwalimu wao, Michael Malone, akampa nafasi ya kati peke yake na kuufanya mchezo wote wa timu upite mikononi mwake. Hapo ndipo kazi yake ilipozaliwa. Alitajwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2021, mwaka 2022 na mwaka 2024, na mwaka 2023 Denver walitwaa ubingwa wao wa kwanza katika ligi ile. Niambie, msomaji: asubuhi ya nyota hiyo ilikuwa saa ngapi, na nani aliyeiona?

Nisidhaniwe kwamba natazama kibanzi katika jicho la watu wa New York na kuisahau boriti iliyo katika jicho letu. Tarehe hiyo hiyo ya 25 Juni, miaka sita kabla, mwaka 2009, kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alichaguliwa na timu ya Memphis katika nafasi ya pili. Hakuna Mtanzania aliyekuwa amewahi kuingia katika ligi ile. Urefu wake ulikuwa mita 2.21. Alikuwa ameuanza mchezo akiwa kijana mkubwa tayari, si mtoto, kisha akasoma katika Chuo Kikuu cha Connecticut, ambako kwa miaka miwili mfululizo alitajwa mlinzi bora wa ligi yake ya vyuo. Sisi wa Afrika Mashariki tulifurahi, na furaha yetu ilikuwa halali. Lakini je, tuliuliza lolote? Tuliuliza ni kazi gani anayokwenda kufanya, nani atamfundisha aliyobakiza kujifunza, na atapewa muda gani? Hatukuuliza. Tulimtwika bendera ya nchi na heshima ya watu wa pwani na bara, tukakaa kungojea maajabu.

Mambo hayakuwa kama tulivyotaka. Katika mwaka wake wa kwanza alipelekwa kwa muda katika ligi ndogo ya mazoezi. Akapita katika timu nne, Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City. Na mwaka 2014 safari yake katika NBA ikakoma. Nyuma yake katika uteuzi ule walikuwapo James Harden na Stephen Curry, ambao kila mmoja alikuja kutajwa mchezaji bora wa ligi. Basi vinywa vile vile vilivyoimba sifa vikageuka vikacheka. Ndimi hazikuona haya.

Lakini fikiri, msomaji. Thabeet hakujichagua mwenyewe katika nafasi ya pili. Nafasi ile walimpa watu wazima waliolipwa kwa kazi hiyo, nao walipima urefu wake kwa fimbo wakadhani wamempima yeye. Kijana wa mtaa wa Dar es Salaam aliyeanza kushika mpira wa kikapu karibu na umri ambao wenzake wa Marekani walikuwa wameushika miaka kumi, akaufikia mlango ambao hakuna wa nchi yake aliyewahi kuufikia, akacheza humo misimu mitano, huyo si mtu wa kuchekwa. Kama tungalimsifu kwa kiasi, tusingalimcheka bila kiasi. Hapo ndipo uonapo kwamba sifa tupu ni mkopo, na anayelipa riba ni yule aliyesifiwa.

Hoja ya tatu ya watetezi ni ya jeuri zaidi. Wasema: Sisi ndio tununuao tikiti, mwenye kulipa ana haki ya kusema. Ni kweli ana haki. Lakini haki ya kusema haimpi mtu maarifa ya kusema. Mtu anunuaye dawa ana haki ya kuuliza itamfaa vipi. Hana haki ya kumwaga chupa barabarani kwa sababu haipendi rangi yake. Na kama mashabiki wanaipenda timu yao kweli, na watambue kwamba wao nao ni sehemu ya mikono impokeayo kijana. Kelele zao huingia katika masikio ya mwalimu anayeamua nani acheze na nani akae. Huingia katika kifua cha kijana aliye peke yake katika nchi ya watu, anayejifunza lugha na mchezo kwa wakati mmoja. Amzomeaye mchezaji wa timu yake mwenyewe kabla ya mchezo wa kwanza atoboa mtumbwi aliomo.

Turudi sasa kwa yule kijana tuliyemwacha jukwaani Brooklyn. Mwaka haukuisha kabla ya mazomeo kugeuka. Alitia wastani wa alama 14 kwa mchezo katika msimu wake wa kwanza, akanyakua mipira iliyogonga pete na kurudi, akawa wa pili katika kura ya mchezaji mpya bora. Wale wale waliozomea wakalipiga kelele jina lake kwa mapenzi, wakamwita mkombozi. Walijirekebisha? Hapana, walihama kutoka upofu mmoja hadi mwingine. Kwa maana mwezi wa Februari mwaka 2018 aliumia goti vibaya, mwezi wa Januari mwaka 2019 akauzwa kwa Dallas, na ukombozi ule haukuja.

Kisha tazama jinsi mambo yalivyomalizikia. Mwaka 2024 timu ya Boston ilitwaa ubingwa, na Porziņģis alikuwa mmoja wao. Hakuwa mfalme wa timu ile. Palikuwa na wengine waliotangulia. Kazi yake ilikuwa na mipaka: kulinda kikapu kwa urefu wake, na kutupa mpira kutoka mbali ili walinzi wa upande wa pili wavutwe nje na wenzake wapate njia. Katika mchezo wa kwanza wa fainali, akitoka katika maumivu, alianzia benchini, akaingia, akatia alama 20. Waliomzomea mwaka 2015 walisema hafai kitu, walikosea. Waliomsifu baadaye walisema ataubeba mji mzima mabegani, nao walikosea. Ukweli ulikuwa kitu cha tatu, nao haukuweza kuonekana usiku ule, kwa sababu haukuwapo bado. Ulitengenezwa kwa miaka tisa, na walimu, na mazoezi, na jeraha, na timu iliyojua inataka nini kwake.

Kwa hiyo, msomaji, kila mwaka ufikapo mwezi wa Juni, na majina mapya kutoka nchi za mbali yakianza kutajwa, nakuomba usiwe katika kundi la wazomeaji wala la waimba sifa. Kama unataka kumpima kijana, jiulize kwanza: Nimemwona akicheza, au nimesikia tu? Kisha uliza: Timu hii inahitaji kazi gani ifanywe? Nani atamfundisha kuifanya? Yuko tayari kujifunza, nao wako tayari kumsubiri kwa muda gani? Ukishindwa kuyajibu, usione haya kusema hujui. Asemaye sijui hajamdhulumu mtu.

Wala usidhani kwamba haya ni mambo ya Brooklyn na Denver tu. Katika uwanja wa shule yako, jioni, manahodha wawili husimama na kuchagua timu zao. Mrefu huitwa kwanza. Mgeni aliyehamia muhula huu huitwa mwisho, na mara nyingine hucheka mtu jina lake litajwapo. Wewe uliye nahodha, una mizani mkononi. Wewe uliyeitwa mwisho, umekwisha kujua uzito wa kicheko. Na nyote wawili, siku moja mtasimama mbele ya watu wazima wenye karatasi mezani, wanaotaka kujua kwa dakika kumi kama mwafaa au hamfai. Siku hiyo mtatamani wakuulizeni mnaloweza kujifunza, si walilolisikia juu ya watu wa kwenu.

Basi jioni ya leo, mgeni yule akiitwa, mpe mpira. Mtazame akicheza mchezo mmoja hadi mwisho, kisha mwingine. Baada ya hapo useme utakalo, nasi tutakusikiliza.